Biskuti za chumvi na jibini ya krimu: namna ya kuzigeuza asusa inayoshibisha

Kwa muhula mzima nilikuwa namfungia mwanangu biskuti nne za chumvi zilizopakwa jibini ya krimu, nikiamini nimempa chakula cha maana. Jibini inatokana na maziwa, maziwa yana protini, basi mtoto atashiba mpaka mchana. Ndivyo nilivyojipigia hesabu. Mwenyewe alikuwa anarudi saa saba na nusu, begi bado liko mgongoni, anakwenda moja kwa moja jikoni kufunua sufuria. "Mama, zile biskuti ni tamu, ila hazikai," aliniambia siku moja.

Aliyenifungua macho ni shangazi yangu, aliyeishi Maskati miaka mingi. Alikuja kututembelea, akakiona kile kikopo kwenye friji, akavaa miwani, akasoma maandishi ya nyuma, kisha akasema: "Mwanangu, hii ni siagi iliyovaa kanzu ya jibini." Nilibisha kidogo. Tukachukua kalamu na karatasi, tukaisoma lebo pamoja mstari kwa mstari, nikaona amesema kweli.

Tangu hapo sijaacha biskuti wala jibini ya krimu, maana nyumbani kwetu tunazipenda, ila naziandaa kwa njia nyingine kabisa. Njia hiyo ndiyo ninayokupa hapa, pamoja na sababu zake. Ukizijua sababu, utaweza kubadilisha kulingana na duka la kwenu na mfuko wako.

Hatua ya 1: Ijue jibini ya krimu ni kitu gani

Jibini ngumu, ile ya njano inayokatwa vipande, hutokana na maziwa yaliyogandishwa, yakachujwa na kukandamizwa mpaka maji mengi yatoke. Kinachobaki kwa wingi ni protini na mafuta, vikikaribiana kwa uzito. Jibini ya krimu ina mwanzo mwingine. Maziwa huongezwa krimu, yaani yale mafuta yanayopanda juu maziwa yakitulia, halafu huwekwa bakteria wa kuyachachusha mpaka yagande, ndipo yanachujwa. Ile ya viwandani tunayoijua leo ilianzia mji wa Chester, jimbo la New York, Marekani, miaka ya 1870, kwa mtengeneza jibini William Lawrence. Jina la Philadelphia, unaloliona kwenye vikopo, lilibandikwa mwaka 1880 ingawa haikutengenezwa huko. Mji ule ulikuwa na sifa ya maziwa na jibini nzuri, na muuzaji aliitaka sifa hiyo.

Kanuni za Marekani zinataka jibini ya krimu iwe na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 33, na maji yasiyozidi asilimia 55. Jumlisha uone kilichobaki kwa ajili ya protini, sukari ya maziwa, madini na chumvi: karibu asilimia 12, vyote vikigawana.

Tuiweke kwenye kijiko. Vijiko viwili vya chakula vya jibini ya krimu, kama gramu 30, vina kilokalori 105 hivi, mafuta gramu 10, protini gramu 2 na kalsiamu miligramu 30. Uzito huohuo wa jibini ngumu aina ya cheddar una kilokalori 120, protini gramu 7 na kalsiamu zaidi ya miligramu 200. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina protini gramu 8 na kalsiamu kama miligramu 300. Mtu mzima anahitaji kalsiamu miligramu 1000 hivi kwa siku. Kwa hiyo kama unampa mtoto jibini ya krimu kwa ajili ya mifupa yake, umempa mafuta, na mifupa bado inasubiri.

Sisemi haya ili uichukie. Ukiilinganisha na siagi, inaishinda: siagi ni mafuta kwa asilimia 80, yenyewe ni theluthi moja tu. Ipe kazi ya siagi, itakufaa. Tatizo letu lilikuwa kuipa kazi ya nyama, yai na maharage.

Hatua ya 2: Geuza pakiti ya biskuti usome nyuma

Biskuti ya chumvi ni nyepesi mkononi, ndiyo maana watu wengi huihesabu kama hewa. Sababu ya wepesi wake ni kwamba imekaushwa karibu maji yote. Mkate wa kawaida una maji zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, kwa hiyo gramu 100 za mkate mweupe zina kilokalori 265 hivi. Gramu 100 za biskuti za chumvi zina kati ya 420 na 440. Vile vitundu vidogo juu yake navyo vina kazi: vinatoa mvuke wakati wa kuoka ili biskuti isivimbe kama andazi. Na zile zinazoitwa kwa jina la krimu (cream crackers), zilizoanza kutengenezwa na kiwanda cha W. & R. Jacob cha Dublin, Ayalandi, mwaka 1885, hazina krimu ya maziwa ndani yake. Nimekutana na kina mama wanaozinunua kwa kuamini zina maziwa.

Kwenye lebo kuna safu mbili za tarakimu. Moja ni kwa gramu 100, nyingine ni kwa kipimo ambacho kiwanda kimekichagua chenyewe. Ukilinganisha pakiti mbili dukani, tumia safu ya gramu 100 peke yake, kwa sababu kiwanda kimoja kinaweza kuandika kipimo cha biskuti mbili na kingine cha biskuti tano, ukadhani ya kwanza ndiyo bora.

Mimi huangalia mambo manne. La kwanza ni kiambato kinachotangulia kwenye orodha, kwa sababu viambato hupangwa kwa uzito, kikubwa mbele. Kama unataka ngano nzima, basi maneno ya unga wa ngano nzima yawe mwanzoni kabisa. Rangi ya kahawia haitoshi kuwa ushahidi, maana sukari guru na shayiri iliyokaangwa huweza kuitia rangi biskuti ya unga mweupe. La pili ni nyuzinyuzi: gramu 3 kwa kila 100 ni kiasi cha kuanzia, gramu 6 na kuendelea ni nyingi. La tatu ni mafuta yanayoganda, yale ya jamii ya samli, nazi na mawese, ambayo huandikwa kwenye mstari mdogo chini ya mafuta yote. Lebo za Uingereza huyapa rangi nyekundu ya onyo yakizidi gramu 5 kwa kila 100, nami nimekichukua kipimo hicho kikawa changu. Ukikuta mafuta ya mimea yaliyogandishwa kwa haidrojeni, rudisha pakiti kwenye rafu. Shirika la Afya Duniani limekuwa likizihimiza nchi tangu 2018 ziyaondoe kwenye chakula kwa sababu ya madhara yake kwa moyo.

La nne ni chumvi. Lebo nyingine huandika chumvi, nyingine huandika sodiamu. Kupata chumvi, zidisha sodiamu kwa 2.5. Biskuti yenye sodiamu miligramu 500 kwa gramu 100 ina chumvi gramu 1.25. Ikipita gramu 1.5, hiyo ni ya chumvi kali. Mtu mzima anashauriwa asizidishe sodiamu miligramu 2000 kwa siku, sawa na chumvi gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hapo imo ya mchuzi wa jana na ya chipsi za njiani.

Hatua ya 3: Pima mara moja, macho yajifunze

Kama una mizani ya jikoni, itumie. Kama huna, kijiko cha chakula kilichosawazishwa kwa kisu ni gramu 15. Paka biskuti zako kama unavyopaka siku zote, kisha kabla hujala, kwangua yote urudishe kwenye kijiko uhesabu. Nilipofanya hivyo mimi, nilikuta biskuti nne zimebeba vijiko vitatu. Nilikuwa nafikiri ni kimoja.

Sasa hesabu ya sahani yetu ya zamani, tena kwa vijiko viwili tu. Biskuti nne kubwa za gramu 8 kila moja zina kilokalori 140 hivi na protini gramu 3. Jibini ya krimu vijiko viwili inaongeza 105 na gramu 2. Jumla ni kilokalori 245, protini gramu 5, nyuzinyuzi gramu 1, sodiamu miligramu 260 hivi, na mafuta yanayoganda kama gramu 8. Kwa mtu anayekula kilokalori 2000 kwa siku, mafuta hayo hayatakiwi kuzidi gramu 22. Zaidi ya theluthi moja imekwisha saa nne asubuhi, na tumboni bado hakuna kitu cha kukaa.

Ndiyo maana mtoto alisema hazikai. Wanga wa unga mweupe husagika haraka, na protini na nyuzinyuzi, vitu viwili vinavyosaidia sana shibe kudumu, ndivyo vilivyokosekana. Tena chakula chote kilikuwa na uzito wa gramu 62, kiganja kisichojaa.

Hatua ya 4: Chuja mtindi wako

Hapa ndipo shangazi alipoingia jikoni. Kule Omani na nchi za Ghuba kwa jumla, mezani asubuhi huwa kuna labne: mtindi uliochujwa mpaka ukawa mzito wa kupakwa, ukatiwa chumvi kidogo. Hupakwa kwenye mkate, huliwa na zeituni na tango. Shangazi alinionyesha siku ile ile, kwa mtindi wa dukani na kitambaa cha nyumbani, na nakiri hii ndiyo hatua ninayokuomba usiiruke.

Unahitaji lita 1 ya mtindi wa maziwa yasiyopunguzwa mafuta, usio na sukari wala ladha ya matunda. Maziwa lala ya Kenya yanafaa vilevile. Kama unanunua maziwa mabichi kwa mfugaji, yachemshe yafoke, yapoe mpaka kidole kivumilie, tia vijiko vitatu vya mtindi wa zamani, koroga, funika, uache usiku kucha. Usigandishe maziwa mabichi bila kuyachemsha. Yanaweza kubeba vijidudu vya bruselosi na vya kifua kikuu cha ng'ombe, na uchachu wa mtindi si dawa ya kutegemea.

Chukua kitambaa cheupe cha pamba, kilichofumwa kwa karibu, kisichowahi kufuliwa kwa sabuni ya manukato. Kichemshe kwenye maji dakika 10, kikamue, kitandike ndani ya chujio, na chujio likae juu ya bakuli refu. Mimina mtindi. Kusanya ncha za kitambaa, zifunge fundo, funika, weka kwenye friji. Kama chujio haliingii kwenye friji yako, funga fundo kwenye mwiko, uulaze mwiko juu ya mdomo wa sufuria ndefu, kitambaa kining'inie bila kugusa maji yanayodondoka chini. Usikiache kwenye meza kwa joto letu la Pwani. Utaamka umekuta uchachu unaokunja uso.

Usikamue saa za mwanzo. Mtindi bado ni laini, utapenya kwenye nyuzi ukupotee. Baada ya saa 12 utakuwa mzito wa kupakwa kwa kisu. Ukiuacha saa 24 utaweza kuufinyanga. Lita moja kwangu hutoa kati ya gramu 350 na 450, kutegemea uzito wa mtindi wenyewe. Ndipo sasa utie chumvi, robo ya kijiko cha chai inatosha kabisa. Ukiitia kabla ya kuchuja, nyingine itaondoka na maji, utajikuta unaongeza tena.

Umepata nini? Lita moja ya mtindi wa maziwa kamili huwa na protini kama gramu 35 na mafuta karibu kiasi hichohicho. Protini kidogo inaondoka na maji, nyingi inabaki. Kila gramu 100 za labne yako zitakuwa na protini gramu 7 hivi, mafuta gramu 8 au 9, na kilokalori kati ya 120 na 150. Jibini ya krimu ya dukani ina kilokalori 350 kwa uzito huohuo, mafuta gramu 34 na protini gramu 6. Chumvi nayo, kwa robo kijiko, ni karibu nusu ya ile ya kikopo.

Maji yaliyodondoka usiyamwage, nasema hivi kwa uchungu kwa sababu niliyamwaga mara nyingi. Uchachu huyeyusha kalsiamu ikatoka pamoja nayo, na ndani yake mna protini na vitamini za kundi B. Kandia chapati, pikia uji, au loweka maharage ya kesho. Uji wa ulezi uliokorogwa kwa maji haya una uchachu mtamu ambao mama yangu anausifia kila mara.

Ladha ya labne ni kali kuliko jibini ya krimu, na mtoto aliyezoea ya kikopo anaweza kuikataa siku ya kwanza. Wangu aliikataa. Nilichofanya ni kuchanganya vijiko vitatu vya labne na kijiko kimoja cha jibini ya krimu, nikapiga kwa uma mpaka vikawa kitu kimoja. Ule ulaini wa krimu unarudi wote, mafuta yanabaki chini ya nusu ya yale ya mwanzo. Mpaka leo mchanganyiko huo ndio wa kila wiki nyumbani, na kikopo kilichokuwa kinaisha kwa siku nne sasa kinadumu karibu siku kumi.

Kama huna muda wa kusubiri usiku kucha, chemsha lita 1 ya maziwa, zima moto, tia vijiko vitatu vya maji ya ndimu, koroga taratibu. Yatakatika. Chuja dakika 20, kisha saga mabonge kwenye blenda pamoja na vijiko vichache vya maji yake mpaka yalainike. Hii ina protini nyingi zaidi ya labne, ila haina ule uchachu mzuri wa mtindi.

Hatua ya 5: Weka kitu juu

Krimu na biskuti ni kitako tu. Kinachobeba asusa ni kile utakachoweka juu au pembeni, na hapa soko letu limetupendelea.

Kwa protini, yai moja la kuchemsha lililokatwa miviringo lina gramu 6. Jodari wa kopo aliyechujwa maji, vijiko vitatu, anapita hapo. Mchanganye na labne, kitunguu maji kilichokatwa kidogo sana na ndimu, utapata kitu cha kupaka ambacho hata wageni huomba. Mabaki ya kuku wa jana yaliyochambuliwa yanafaa. Dengu zilizochemshwa na kupondwa na bizari nyembamba zinafaa pia, na hizo zinaleta nyuzinyuzi pamoja na protini.

Kwa mboga, tango, nyanya, karoti iliyokunwa, pilipili hoho. Kuna utaratibu mdogo wa kufuata: paka krimu ienee mpaka ukingoni, ndipo uweke tango juu yake. Mafuta ya krimu huzuia maji ya tango yasiingie kwenye biskuti. Ukiacha ukingo mtupu, biskuti inalainika kabla hujaketi. Nyanya itoe mbegu na majimaji yake kwanza.

Majani ya giligilani, dania kama wasemavyo Kenya, yakikatwa na kuchanganywa na krimu pamoja na pilipili manga na ndimu, utasahau kwamba chumvi umeipunguza. Kwa anayependa utamu, embe bichi la kukaribia kuiva lililokatwa nyembamba, au tende moja iliyotolewa kokwa na kujazwa labne. Hiyo ya tende haihitaji hata biskuti.

Sasa hesabu ya sahani mpya. Biskuti tatu badala ya nne: kilokalori 105. Mchanganyiko wetu, vijiko viwili: 55. Yai moja: 75. Karoti ndogo ya gramu 50: 20. Jumla ni 255, karibu sawa na sahani ya zamani. Lakini protini imepanda kutoka gramu 5 hadi 11, nyuzinyuzi zimeongezeka maradufu, na uzito wa chakula umetoka gramu 62 hadi zaidi ya 150. Nishati ileile, ila sasa tumbo lina cha kushika.

Neno moja kuhusu chai. Chai yenye vijiko vitatu vya sukari inaongeza kilokalori kama 50 ambazo hazishibishi. Tena chai ya rangi hupunguza kiasi cha madini ya chuma ambacho mwili unakipata kutoka kwenye ngano na mboga, na unga wa ngano wa viwandani Tanzania na Kenya unaongezwa madini hayo kwa makusudi, kwa sababu upungufu wa damu ni tatizo letu la kweli. Kunywa maji na asusa, chai ifuate baada ya saa moja.

Hatua ya 6: Ibebe na uihifadhi kwa usalama

Jibini ya krimu na labne ni vyakula vyenye maji mengi, na bakteria wanavipenda kama sisi. Nje ya friji visizidi saa 2. Joto likipita nyuzi 32, na kwa Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi hilo ni jambo la kawaida, visizidi saa 1. Kikopo kikishafunguliwa kimalizike ndani ya wiki mbili, labne ya nyumbani ndani ya wiki moja, na kila mara tumia kijiko kikavu na safi. Umeme ukikatika, friji ambayo haikufunguliwa hushika ubaridi kama saa 4. Ukiona ukungu, hata doa moja, tupa yote. Kwenye jibini ngumu unaweza kukata pembeni ukaendelea, lakini kwenye jibini laini mizizi ya ukungu hupenya mbali kuliko jicho linavyoona.

Kwa shule, weka chupa ndogo ya maji kwenye sehemu ya barafu usiku. Asubuhi ilaze ndani ya mfuko wa chakula, ikigusana na kikopo kidogo cha krimu na yai. Biskuti zikae kwenye chombo chake peke yake, mtoto atapaka mwenyewe. Hata darasa la pili wanaweza. Kama huna njia ya kuweka ubaridi, usimpe krimu siku hiyo. Mpe siagi ya karanga: kijiko kimoja kina protini gramu 4 na hakihitaji friji, mradi shule yao inaruhusu karanga. Ukisaga mwenyewe, chambua karanga zote zilizosinyaa, zenye rangi tofauti au ukungu kabla ya kukaanga, kwa ajili ya sumukuvu, ambayo haitoki kwa moto wa jikoni.

Biskuti zilizolainika kwa unyevu wa bahari hazijaharibika. Zipashe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika chache kila upande, ziache zipoe ndipo uzifunge.

Hatua ya 7: Rekebisha kwa mwenye hali yake

Mwenye kisukari ahesabu wanga: biskuti nne zina gramu 22 hivi, na karibu zote ni za unga mweupe unaopandisha sukari upesi. Biskuti mbili za ngano nzima, na yai juu, ni mahali pazuri pa kuanzia mazungumzo na mhudumu wake wa afya. Mjamzito asome lebo ahakikishe maziwa yaliyotumika yamechemshwa kiwandani, kwa sababu ya bakteria wa listeria. Labne ya nyumbani iwe ya maziwa yaliyochemshwa. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe biskuti hizi, kwa chumvi yake na kwa hatari ya kupaliwa. Yule ambaye maziwa humjaza gesi mara nyingi huvumilia labne vizuri zaidi, kwani bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari ya maziwa na nyingine imeondoka na maji. Ajaribu kijiko kimoja kwanza. Na mwenye ugonjwa wa kutopatana na ngano hana biskuti ya kuchagua hapa isipokuwa zile zilizoandikwa wazi kwamba hazina gluteni.

Mama yangu ana presha, kwa hiyo kwake nimeziondoa biskuti kabisa. Nachemsha viazi vitamu na maganda yake, navipoza, navikata miviringo mizito kama kidole, maana kiazi kitamu hakina chumvi ya kuhesabu na kina nyuzinyuzi zake. Juu yake labne isiyotiwa chumvi hata chembe, ila ndimu, bizari nyembamba iliyokaangwa na pilipili manga. Vipande sita saa nne asubuhi vinamfikisha mpaka adhuhuri, na siku hizi mwanangu naye anakuja kuiba viwili kwenye sahani ya bibi yake.